Menyu ya Herufi 182

Simu ndogo ya batani, ile ambayo Watanzania wameizoea kwa jina la kitochi, haina nafasi ya maneno mengi. Menyu inayofunguka mtu anapopiga nyota, namba na reli ina ukomo wa herufi 182 kwa kila ukurasa, na nafasi iliyo kati ya neno na neno nayo inahesabiwa. Ndani ya kipimo hicho mkazi wa Chonyonyo, kata ya Wilaya ya Karagwe mkoani Kagera, anamtumia mwanawe nauli ya kurudi shuleni, ananunua umeme wa LUKU, anapokea pesa kutoka kwa ndugu aliyeko Mwanza na kuitoa kwa wakala. Hakuna aliyemweka darasani. Alielekezwa mara moja au mbili na jirani, basi, akaendelea mwenyewe.

Mkazi huyo huyo, au kijana wake aliyemaliza kidato cha sita, akitaka kuomba mkopo wa masomo au ajira kwa njia ya mtandao, mara nyingi safari yake inaanzia steshenari. Anakaa kwenye benchi huku mhudumu akimjazia fomu kwa malipo. Simu janja anayo mfukoni na bando analo. Kinachomshinda ni ukurasa wenyewe.

Tofauti hiyo ina historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo imetokea hapa hapa Afrika Mashariki.

Mwanzo wake ulikuwa mbali. Mwaka 1981 kampuni ya Xerox ya Marekani ilitoa kompyuta iliyoitwa Star, ambayo skrini yake iliigiza meza ya ofisi: karatasi, makabrasha, kabati la mafaili. Apple ikafuata njia hiyo mwaka 1984 kwa Macintosh, kisha Microsoft kwa Windows. Waliobuni michoro ile walikuwa wakiwafikiria makarani na mameneja wa miji yao, watu ambao kabrasha la karatasi wanalishika kila siku. Kwa mtumiaji wa aina hiyo wazo lilikuwa zuri sana. Kwa mtu ambaye hajawahi kuajiriwa ofisini, picha ya kabrasha ilikuwa mchoro tu, na maana yake alipaswa kuikariri.

Tovuti ya kwanza duniani ilifunguliwa na Tim Berners-Lee mwaka 1991 katika kituo cha utafiti cha CERN, Uswisi. Ilikuwa maandishi matupu na viungo vya kubonyeza. Mwaka 1993 kikaja kivinjari cha Mosaic kilichoweza kuonyesha picha na maandishi pamoja, na ndani ya miaka michache kila kampuni ya Ulaya na Marekani ilitaka tovuti yake. Vurugu ikawa kubwa: herufi zinazowakawaka, menyu zilizofichwa, kurasa zisizo na njia ya kurudi ulikotoka.

Aliyesimama kulipinga hilo kwa sauti kubwa kuliko wengi ni Jakob Nielsen, mtaalamu kutoka Denmark aliyefanya kazi Marekani. Mwaka 1994 alitoa kanuni 10 ambazo hadi leo hufundishwa vyuoni: mfumo umweleze mtumiaji kinachoendelea, utumie lugha yake, umpe njia ya kutoka anapokosea, uzuie kosa kabla halijatokea, usimlazimishe kukumbuka mambo ambayo ungeweza kumwonyesha. Pamoja na mwenzake Thomas Landauer alionyesha pia jambo lililowashangaza mameneja wenye bajeti nene: ukiwakalisha watu watano tu mbele ya mfumo, ukawapa kazi ya kufanya na wewe ukanyamaza ukiwatazama, utayaona karibu asilimia 85 ya matatizo ya mfumo huo.

Watu watano. Namba hiyo msomaji aishike.

Wakati hayo yakisemwa, intaneti ya Tanzania ilikuwa ya setilaiti, ghali na ya kusuasua. Nyaya za baharini hazikuwa zimefika. SEACOM ilianza kutoa huduma Dar es Salaam na Mombasa mwezi Julai 2009. Hata hivyo kazi ya kuifanya kompyuta izungumze na Mtanzania ilikuwa imeshaanza. Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikishirikiana na kampuni ya IT+46 ya Sweden, iliendesha mradi ulioitwa Kilinux, na mwezi Desemba 2004 ukatoka mfuko wa programu za ofisi kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice. Menyu zote, kuanzia ya kufungua faili hadi ya kuchapisha, zilikuwa kwa lugha ambayo mwalimu wa shule ya msingi angeielewa. Microsoft nayo ikaitafsiri Windows, na mwezi Juni 2009 Facebook ikafunguliwa kwa Kiswahili.

Kazi hiyo inastahili heshima kubwa kuliko inayopewa. Lakini ilikuwa na mpaka wake. Ilibadilisha maneno ya menyu na kuuacha mpangilio ulivyokuwa, na mpangilio ule ulitungwa kwa ajili ya mtu mwingine mwenye kazi nyingine. Isitoshe, Karagwe ya mwaka 2004 ilikuwa na kompyuta za kuhesabika. Kilichokuwa kinaingia vijijini kwa kasi ni simu.

Simu iliyoongoza uingiaji huo ni Nokia 1100, iliyotoka mwaka 2003. Nokia iliuza zaidi ya milioni 250 za aina hiyo, na wengi huihesabu kuwa simu iliyouzwa kuliko zote duniani. Siri yake ilikuwa ndogo ndogo: vitufe vilivyofunikwa kwa mpira usiopitisha vumbi, betri ya kukaa siku nyingi, na tochi. Waliobuni tochi ile walikuwa wameangalia maisha ya watu wanaoishi bila umeme wa uhakika, wakajua kwamba simu itatumika kumulika njia ya kwenda zizini kabla haijatumika kumpigia mtu yeyote. Jina la kitochi lilibaki hata simu hizo zilipopitwa na wakati.

Nokia ilikuwa na mtafiti aitwaye Jan Chipchase, ambaye kazi yake ilikuwa kusafiri na kutazama watu wanavyotumia simu. Mwaka 2006 alikuwa Uganda, upande wa pili wa mpaka wa Kagera, akachunguza jinsi simu moja inavyotumiwa na watu wengi. Huko aliandika habari ya utaratibu ambao watu waliuita sente. Mtu aliyeko Kampala akitaka kumtumia mama yake pesa kijijini, ananunua vocha ya muda wa maongezi, lakini haiingizi kwenye simu yake mwenyewe. Anampigia mwenye kibanda cha simu kijijini na kumsomea namba za vocha. Mwenye kibanda anaingiza salio kwenye simu yake ya biashara, anakata ujira wake, na kilichobaki anampa mama kwa noti mkononi.

Hakuna kampuni iliyokuwa imebuni huduma hiyo. Watu wenyewe waliziunganisha vocha, simu, na imani waliyokuwa nayo kwa mtu anayejulikana, wakapata njia ya kutuma pesa. Kwa yeyote aliyetaka kutengeneza huduma ya fedha ya simu, mchoro ulikuwa umeshachorwa na watumiaji. Ilibaki kuutazama na kuunakili vizuri.

Kenya ndiko ulikonakiliwa kwa ufundi zaidi, japo kwa kupitia mlango wa pembeni. Nick Hughes wa kampuni ya Vodafone ya Uingereza alipata takriban pauni milioni moja kutoka mfuko wa serikali ya Uingereza, kampuni yake ikaongeza kiasi kama hicho, na mwaka 2005 Susie Lonie akapelekwa Nairobi kusimamia majaribio. Lengo lilikuwa kurahisisha marejesho ya mikopo midogo. Wateja wapatao 500 wa taasisi ya mikopo ya Faulu walipewa simu, na mawakala wanane wakawekwa katika maeneo ya Nairobi na mji wa Thika. Majaribio yalianza Oktoba 2005.

Lonie na wenzake walifanya jambo ambalo wajenzi wengi wa mifumo hulikwepa kwa sababu linaumiza: walikaa na wateja wakawatazama wakikosea. Pia waliona wateja wakifanya mambo ambayo hayakuwemo kwenye mpango. Mtu alikopa, akapokea mkopo kwenye simu, kisha akaurusha kwa mke aliyeko shamba. Mfanyabiashara aliyekuwa na safari aliweka pesa kwenye simu asubuhi na kuitoa alikofika, ili asitembee nayo mfukoni. Watu walilipana wao kwa wao. Kwa upande mwingine, urahisi wa kulipa deni kwa simu uliwapunguzia wanachama sababu ya kuhudhuria mikutano ya vikundi, na mikutano ndiyo ilikuwa nguzo ya Faulu. Huduma ya mikopo haikuendelea. Kilichozinduliwa na Safaricom tarehe 6 Machi 2007 kwa jina la M-Pesa kilikuwa kile ambacho wateja walikuwa wameshakichagua: kutuma pesa nyumbani.

Menyu yake ilikaa ndani ya laini. Mteja alifungua orodha ya simu, akachagua M-Pesa, akajaza namba, kiasi na namba ya siri bila haraka, kisha yote yakaondoka kwa mkupuo mmoja. Aliyetuma alipata ujumbe na aliyepokea alipata wake. Ujumbe huo ulikuwa risiti, na watu wakaanza kuutunza kama wanavyotunza hati.

Tanzania ilifuata mwezi Aprili 2008 kupitia Vodacom. Jina lilikuwa lile lile. Lakini mambo hayakwenda sawa. Miezi 14 tangu uzinduzi Kenya ilikuwa na wateja wapatao milioni 2.7, Tanzania, kwa muda kama huo, ilikuwa na wateja wapatao 280,000.

Sababu zilikuwa nyingi na si haki kuitwika menyu lawama zote. Nchi ni kubwa na vijiji vimetawanyika, mawakala walikuwa wachache, matangazo hayakuwa na nguvu ile ya Nairobi. Lakini kiolesura, yaani sura ya mfumo ambayo mtumiaji anakutana nayo, nacho kilikuwa na sehemu yake. Vodacom Tanzania ilitumia menyu ya nyota na reli, ambayo kila hatua inakwenda kwenye mtambo wa kampuni na kurudi. Mteja anayesita kidogo akitafuta miwani, au akimuuliza jirani namba ya wakala, anakuta menyu imefungwa na anaanza upya. Tena ilimlazimu kukumbuka namba za kuanzia, *150*00#, wakati Mkenya aliliona neno M-Pesa kwenye orodha ya simu yake.

Ubaya huo ulikuja na faida ambayo ilionekana baadaye. Menyu ya nyota na reli haihitaji laini mpya, inafanya kazi kwenye simu ya aina yoyote, haili bando, na kampuni ikitaka kurekebisha neno moja inalirekebisha kwenye mtambo na siku hiyo hiyo nchi nzima inaliona. Kwa hiyo iliwezekana kujirekebisha. Tigo Pesa ilipoingia mwaka 2010, na Airtel Money nayo ikawa inagombea wateja wale wale, menyu zikaanza kushindana kwa wepesi.

Ni vyema kuutazama muamala mmoja kwa karibu, kwa sababu mazoea yametufanya tusiuone ufundi uliomo. Mtu anapiga *150*00#. Kinachotokea juu kabisa ni kutuma pesa, jambo ambalo wengi wamekuja kulifanya. Hakikuwekwa hapo kwa kufuata alfabeti wala kwa kufuata idara za kampuni. Anabonyeza 1. Kila ukurasa unaofuata unauliza jambo moja tu: namba ya mpokeaji, kisha kiasi. Kabla pesa haijaondoka, jina la mpokeaji linatokea. Mzee aliyekosea tarakimu moja anaona jina la mtu asiyemjua na kuacha hapo hapo. Jina likiwa sahihi anathibitisha, na sekunde chache baadaye ujumbe unaingia wenye kiasi, jina, saa na salio lililobaki.

Kanuni za Nielsen za mwaka 1994 zimo humo karibu zote. Kenya, iliyokuwa mbele, ilikuja baadaye kuongeza huduma ya Hakikisha ili mtumaji aone jina kabla muamala haujakamilika.

Kulikuwa na kero moja zaidi ambayo menyu peke yake isingeimaliza. Aliyetuma kwa mtu wa mtandao mwingine alimsababishia mpokeaji usumbufu: ujumbe wenye namba maalumu, na safari ya kumtafuta wakala wa mtandao wa mtumaji. Katika kata yenye wakala wa mtandao mmoja tu, hiyo ni safari ya kwenda Kayanga, makao makuu ya wilaya. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel walikubaliana kuiunganisha mifumo yao, na Vodacom ikajiunga mwaka 2016. Kwenye skrini badiliko lilikuwa mstari mmoja, kuchagua mtandao wa mpokeaji. Kwa mpokeaji lilikuwa nusu siku iliyookolewa. Kufikia mwishoni mwa mwaka 2023 Tanzania ilikuwa na akaunti za fedha za simu zaidi ya milioni 50, katika nchi ambayo sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 61.7.

Tovuti nazo zilikuwa na siku zao njema. Ghasia za uchaguzi zilipoikumba Kenya mwishoni mwa Desemba 2007, mwanasheria Ory Okolloh aliomba watu wenye ujuzi wajenge ramani ya kuonyesha matukio. Erik Hersman, Juliana Rotich, David Kobia na wengine waliijenga tovuti ya Ushahidi kwa siku chache za Januari 2008. Aliyekuwa na intaneti alijaza fomu fupi: nini kimetokea, wapi, lini. Asiyekuwa nayo alituma ujumbe mfupi kwenda 6007. Uzuri wa Ushahidi ulikuwa huo mlango wa pili, wa watu wenye kitochi, ambao ulikuwa sehemu ya nyumba yenyewe. Programu hiyo ilikuja kutumika hata Haiti baada ya tetemeko la 2010.

Kivinjari cha Opera Mini, kilichoenea duniani kuanzia 2006, kilibana kurasa nzito kwenye mitambo yake kabla ya kuzifikisha kwenye simu dhaifu. Kwa vijana wengi wa Tanzania hicho ndicho kilikuwa dirisha la kwanza la intaneti. Mwaka 2010 Facebook ilitoa ukurasa usio na picha ambao wateja wa baadhi ya mitandao ya simu waliufungua bila kulipia data, na mwaka 2014 Tigo ikawaruhusu wateja wake wa Tanzania kuitumia Facebook ya Kiswahili bila bando. Kampuni hizo zilikuwa na biashara ya kufanya, hilo linajulikana. Hata hivyo zilikuwa zimekubali kwamba mteja wa simu dhaifu na bando dogo ni mteja halali, na kwamba ukurasa ndio unaopaswa kupungua uzito.

Wasomi nao waliingia kazini. Nchini India, Indrani Medhi wa maabara ya Microsoft iliyoko Bangalore alitengeneza violesura vya picha na sauti kwa watu wasiojua kusoma, miongoni mwao wafanyakazi wa majumbani waliokuwa wakitafuta kazi. Moja ya mambo aliyoyagundua lina uzito mkubwa hapa kwetu: tatizo halikuwa herufi peke yake. Menyu iliyo ndani ya menyu iliyo ndani ya menyu nyingine iliwachanganya hata pale ilipokuwa ya picha tupu. Watu walifika haraka zaidi walipowekewa vitu vyote bayana kwenye orodha moja. Katika Chuo Kikuu cha Cape Town, Profesa Gary Marsden alitumia miaka yake, hadi kifo chake mwaka 2013, kufundisha kwamba teknolojia ya Afrika ibuniwe pamoja na Waafrika wanaoitumia. Novemba 2016 watafiti wa fani hiyo walikutana Nairobi katika mkutano wa kwanza wa AfriCHI.

Na Karagwe yenyewe ilikuwa na somo lake. Joseph Sekiku, mwanzilishi wa shirika la FADECO, alianzisha huko redio ya jamii ambayo kazi yake mojawapo ni kuchukua taarifa za kilimo na masoko na kuzigeuza kuwa mazungumzo ambayo mkulima wa migomba na kahawa anayafuata bila shida. Anayeuliza kuhusu ugonjwa wa mnyauko wa migomba hataki orodha ya machapisho. Anataka kujua afanye nini na shina lililonyauka, akate wapi, panga alisafishe vipi. Redio inamjibu kwa mpangilio huo huo wa kazi za shambani. Tovuti ngapi za kilimo zimepangwa hivyo?

Serikali ya Tanzania haikukaa nyuma. Wakala ya Serikali Mtandao ilianza kazi mwaka 2012, na sheria ya mwaka 2019 ikaigeuza kuwa Mamlaka. Huduma za taasisi mbalimbali ziliwekwa chini ya namba moja, *152*00#. Mwaka 2017 mfumo wa malipo ya Serikali, GePG, ulianza kutumika, na tangu hapo kodi, ada na faini hulipwa kwa kontroo namba, popote mlipaji alipo, kwa benki yoyote au mtandao wowote wa simu. Huo ni ubunifu mzuri wa kweli. Umeziondoa foleni nyingi na vishoka wengi. Ingefaa uendelezwe hadi kwenye jambo dogo kama hili: kontroo namba ina tarakimu 12, na mara nyingi huandikwa zikiwa zimeshikana. Anayeinakili kutoka kwenye karatasi kwenda kwenye kitochi hupoteza mahali alipofika kwenye tarakimu ya saba au ya nane. Zingeandikwa nne nne, jicho lingepata pa kupumzika.

Tatizo kubwa limebaki kwenye fomu za tovuti. Fomu ya kawaida ya kuomba huduma huanza kwa kudai anwani ya barua pepe. Kijana wa Chonyonyo anayetumia WhatsApp kila siku huenda hajawahi kuandika barua pepe maishani. Mhudumu wa steshenari anamfungulia, na kuanzia siku hiyo nywila yake iko kwenye daftari la mtu mwingine. Inafuata namba ya kitambulisho cha taifa cha NIDA, tarakimu 20, ambazo nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Mistari miwili chini, fomu inamuuliza tarehe ya kuzaliwa. Kisha inataka picha isiyozidi ukubwa fulani wa kilobaiti, bila kueleza picha hupunguzwaje. Akikosea, maneno mekundu ya Kiingereza yanatokea juu kabisa ya ukurasa wakati kosa liko chini, na kwenye skrini ya simu juu hakuonekani. Anabonyeza tena, hakuna kinachotokea. Anaondoka.

Lipo na la wilaya. Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe na kuwa wilaya kamili mwaka 2012. Mtu aliyezaliwa Nkwenda kabla ya hapo ana nyaraka zinazosema Karagwe, wakati kijiji chake leo kiko Kyerwa. Fomu inayouliza wilaya ya kuzaliwa, bila kusema kama inataka ya wakati ule au ya sasa, inamwacha akisita, na akichagua tofauti na kilichoandikwa kwenye cheti anaweza kuonekana mdanganyifu. Sentensi moja fupi pembeni ya kisanduku ingemaliza shaka hiyo. Sentensi hiyo haiwezi kuandikwa na mtu asiyewahi kukaa na mwombaji kutoka Kyerwa.

Hapo ndipo historia ya menyu na ya tovuti zinapoachana. Menyu ya simu ilibanwa na herufi 182 na ikabanwa na ushindani. Aliyeifanya ngumu alimpoteza mteja siku hiyo hiyo, na hasara ikaonekana kwenye hesabu. Tovuti ya umma haina ukomo wa nafasi, kwa hiyo kila idara inaongeza kisanduku chake. Na mwombaji wa mkopo au wa cheti hana pa kwenda pengine. Akishindwa, hasara haionekani kwenye kitabu cha mtu yeyote. Inalipwa steshenari, shilingi elfu mbili hapa, elfu tatu pale, na watu wenye kipato kidogo kuliko wote.

Ujuzi wa kurekebisha hali hii upo nchini. Vijana waliopanga menyu za simu wapo Dar es Salaam, walimu wa fani wapo vyuoni, Kiswahili cha kompyuta kimekuwepo tangu enzi za Kilinux. Kinachotakiwa ni utaratibu, na uwe sharti: tovuti ya umma isizinduliwe kabla ya kujaribiwa na watu wasiohusika na ujenzi wake, kwa simu zao wenyewe na bando zao wenyewe, nje ya miji mikubwa.

Kwa hiyo ombi ni hili kwa wanaosimamia tovuti za huduma, wa wizara, halmashauri na bodi. Kabla ya siku ya utepe na hotuba, wapandisheni basi watengenezaji wenu hadi Kayanga, wafike Chonyonyo, wawaombe watu watano wajaze fomu ile tangu mwanzo hadi mwisho: mkulima, mama wa biashara ndogo, mwanafunzi, mzee anayevaa miwani, kijana aliyeishia darasa la saba. Wakae kando bila kuwaelekeza wala kuwashikia simu, waandike kila mahali mkono uliposita. Wakirudi, wafute visanduku visivyohitajika na kurekebisha vilivyobaki, kisha warudi tena na watu watano wengine.